Zamu ya Nahodha Tusekile

Kila Jumamosi asubuhi Tusekile alifagia duka la shangazi yake mara mbili. Mara ya kwanza alifagia kwa sababu palikuwa na vumbi. Mara ya pili alifagia kwa sababu saa nne ilikuwa bado haijafika, na yeye hakujua afanye nini na mikono yake.

Ilikuwa miaka ile ambayo karibu kila mwenye chumba cha mbele pale Bondeni, mjini Kyela, alikigeuza kuwa duka. Shangazi Felista alikuwa amezoea kuvuka mpaka na kurudi na vitenge kutoka Malawi. Siku moja akasafiri hadi Dar es Salaam, akarudi na kompyuta nne zilizokwisha kutumika. Akazipanga mezani, akafunga dishi juu ya bati, kisha akaandika mlangoni kwa rangi nyekundu: INTANETI. Wazee waliopita njiani waliuliza kama mle ndani kunauzwa dawa ya mbu. Watoto hawakuuliza chochote. Waliingia.

"Shangazi, saa nne imefika," alisema Tusekile.

"Saa yako ina mbio kuliko ya ukutani," alijibu shangazi. "Haya, kaeni. Saa mbili tu, kisha mtoke nje mkaone jua."

Waliokaa walikuwa watatu, wote wa darasa la sita: Tusekile, Jubilate na Hezroni. Wa nne alikuwa Lusungu, binamu yake Tusekile, aliyekuwa ng'ambo ya mpaka katika duka kama hilo mjini Karonga. Walikutana naye ndani ya mchezo wa maharamia, ambao ulichezwa na watu wa dunia nzima kwa wakati mmoja. Ukianza mchezo huo hupewi meli. Unapewa shoka, na kisiwa chenye miti.

Kwa Jumamosi kumi walikata mbao, wakachemsha lami ya kuzibia nyufa, wakashona matanga na kusimamisha mlingoti. Walipomaliza, meli yao ilielea vizuri, ingawa iliinama kidogo upande wa kulia. Meli za wengine ziliitwa Fuvu, Radi na Mla Watu. Ya kwao iliitwa Usipa, kama wale dagaa wa Ziwa Nyasa. Jina hilo lilitoka kwa Jubilate, siku ambayo alikuja bila kula chakula cha asubuhi.

Tusekile alikuwa nahodha. Jubilate alishika matanga, Lusungu mizinga, na Hezroni alipiga pampu ya kutoa maji, kazi ngumu isiyo na sifa. Meli ikiwa bandarini ilikuwa salama, lakini ikiwa safarini haikumngoja mtu. Ukiondoka, yenyewe inaendelea kwenda, na miamba haina huruma. Kwa hiyo nahodha aliandika orodha ya zamu kwenye karatasi ya manila na kuibandika ukutani. Akaiandika kwa herufi kubwa, maana cheo kilikuwa kimeanza kumkaa vizuri.

Mwishoni mwa mwezi wa tano, Hezroni alikosa zamu mbili mfululizo. Usipa ikajaa maji hadi magotini kwa mabaharia.

"Samahani, nahodha," alisema alipofika. "Nyumbani kwetu Makwale mpunga umeanza kuiva. Baba amenipa dungu. Siku za mapumziko zote naamia ndege."

Dungu ni kichanja kirefu cha miti kinachojengwa shambani, na kuamia ndege ni kukaa juu yake na kuwafukuza wasile nafaka. Hakuna mtoto wa Kyela asiyelijua hilo, na Tusekile alilijua sana. Lakini siku hiyo alikuwa nahodha kuliko alivyokuwa mtoto wa Kyela.

"Baharini hakuna mpunga!" alisema kwa sauti. "Asiyeshika zamu hana meli." Akachukua kalamu, akalikata jina la Hezroni kwenye orodha mbele ya wote.

Hezroni alitazama ule mstari. Alisogeza kiti chake chini ya meza, akaaga, akatoka.

"Nahodha, polepole," alisema Shangazi Felista kutoka kwenye meza yake. "Mpanda ngazi hushuka." Tusekile alijifanya hakusikia.

Juma la pili shule zilifungwa, na habari zikaja kutoka Makwale. Bibi Anyesi alikuwa akiumwa goti, na mpunga wake ulikuwa umeinamisha vichwa. Alimtaka mjukuu wake Tusekile aende kuamia ndege. Tusekile alipopanda dungu asubuhi ya kwanza, alimwona mtu juu ya dungu la shamba la jirani, ng'ambo ya mfereji mdogo. Alikuwa Hezroni. Wote wawili wakageuza shingo kama watu waliosikia mbuzi akilia upande mwingine.

Ndege wa Makwale hawana mzaha. Asubuhi na alasiri hushuka kwa mamia, wadogo, wepesi, na kila mmoja ana njaa ya wawili. Tusekile alipiga makopo, akapiga kelele, akarusha udongo kwa kombeo. Jioni sauti ilikuwa imekauka. Hata hivyo moyo wake ulikuwa Bondeni. Usipa ilikuwa imeingia kwenye mashindano ya kuzunguka visiwa kumi na viwili, na Alhamisi, saa saba mchana, ilikuwa zamu yake ya kuipitisha katikati ya miamba.

Alhamisi hiyo Bibi Anyesi alijifunga kitenge kwenda zahanati kuonyesha goti.

"Usishuke dunguni mpaka nirudi, mjukuu wangu. Mpunga huu ndio chakula chetu cha mwaka, na ndio mbegu ya mwakani."

"Sishuki, Bibi."

Alikaa mpaka saa sita. Jua lilipokuwa kali, ndege walijificha kwenye miti kama kawaida yao. Tusekile akapiga hesabu: ndege hulala mchana, baiskeli ya marehemu babu ipo, saa moja kwenda, nusu saa ya zamu, saa moja kurudi. Hesabu ilitoka vizuri sana. Hesabu za namna hiyo hutoka vizuri kila mara unapozipiga peke yako.

Alipofika Bondeni, umeme ulikuwa umekatika.

"Wewe si uko Makwale?" alishangaa Jubilate. "Nani anaamia?"

"Ndege wamelala," alijibu, akikodolea macho kompyuta iliyokuwa nyeusi.

Umeme ulirudi saa nane, na Lusungu, kutoka Karonga, alikuwa ameizuia Usipa nje ya miamba. Tusekile aliipitisha Usipa katikati ya miamba kwa ustadi mkubwa, na wala hakufurahi. Kila dakika alitazama saa ya ukutani. Alikanyaga baiskeli kurudi hadi miguu ikatetemeka. Ilipokaribia saa kumi aliificha kwenye migomba, akakimbilia shambani.

Alisikia sauti ya Bibi kabla hajamwona.

"Unacheza kwenye mpunga wangu! Tazama ulivyoukanyaga! Mmefukuza ndege kwenu, mkawaleta kwangu!"

Hezroni alikuwa amesimama katikati ya shamba, amelowa jasho, kopo mkononi. Upande wa mferejini mpunga ulikuwa umelala chini, umekanyagwa, na masuke mengi yalikuwa matupu.

"Tusekile! Ulikuwa wapi?" aliuliza Bibi.

Hezroni alimtazama.

"Nilikwenda kuchota maji kisimani, Bibi," alisema Tusekile. " Dakika chache tu."

"Umeona?" Bibi alimgeukia Hezroni. "Dakika chache tu, na umefanya haya. Kesho nitakwenda kwa baba yako."

Tusekile alingoja Hezroni aseme. Alitamani hata aseme, ili jambo liishe. Lakini kijana yule aliinamisha kichwa, akavuka mfereji, akapanda dungu lao. Usiku ule Bibi alipika ndizi kwa nyama, chakula ambacho Tusekile hukipenda kuliko vyote, naye akala matonge mawili akasema ameshiba.

Asubuhi Bibi alishika fimbo yake na kuanza kuchechemea kuelekea kwa Zebedayo, baba yake Hezroni. Tusekile alibaki dunguni. Kundi la ndege likatokea upande wa ziwani, likashuka kwenye mashamba yote mawili. Kabla hajainua kopo, alisikia sauti ya Hezroni ikipasua hewa: "Hooo! Swaaa!" Kombeo lake lilirusha udongo kwao, kisha likarusha shambani kwa Bibi, tena bila yeye kumtazama Tusekile hata kidogo.

Hapo ndipo alipoelewa kilichotokea jana. Hezroni hakuja kucheza. Aliona dungu halina mtu na ndege wanashuka, akavuka mfereji kuokoa mpunga wa watu wengine. Aliukanyaga kwa sababu alikuwa peke yake, akikimbia kutoka pembe hii hadi ile. Tusekile aliona aibu iliyomwasha mwili mzima.

"Hezroni!" aliita. "Nishikie dungu! Narudi sasa hivi!"

"Unakwenda tena mjini?"

"Nakwenda kwa baba yako!"

Alikimbia. Alidhani atamkuta Bibi njiani, amweleze faraghani, wakiwa wawili tu. Lakini goti la Bibi lilikuwa limetembea kwa hasira. Alipofika uani kwa Zebedayo, Bibi alikuwa amekwisha kaa kwenye kigoda, na Zebedayo alikuwa ameacha kugeuza kakao zake kwenye mkeka, uso umekunjamana. Mke wake na majirani wawili walikuwa wakisikiliza.

"...na kama leo anaharibu mpunga wa watu kwa mchezo, kesho atafanya nini?" Bibi alikuwa akisema.

"Akirudi nitasema naye," alijibu Zebedayo kwa sauti nzito. "Utasamehe, Mama."

"Si yeye!" Tusekile alisema, pumzi zikimwisha. "Shikamooni. Si yeye, Bibi. Ni mimi."

Watu wote waligeuka. Aliendelea, kwa maana alijua akisimama hatamaliza. Alisema juu ya baiskeli, juu ya meli, juu ya umeme na migomba. Alisema kisima hakukiona kabisa jana. "Hezroni aliingia kufukuza ndege wetu. Bila yeye tusingebakiwa na kitu. Mimi nikanyamaza ulipomgombeza." Mwishoni alikuwa analia waziwazi.

Bibi alimtazama mjukuu wake. Kisha akainuka kwa fimbo yake, akamwinamia Zebedayo kidogo.

"Nimekuja kudai heshima, kumbe mimi ndiye mkosaji. Nisamehe, Baba Hezroni."

"Yamekwisha, Mama," alisema Zebedayo, na uso wake ukafunguka. "Lakini hiyo meli iko wapi? Ziwani sijaiona."

Majirani wakacheka, na Tusekile akacheka katikati ya machozi, jambo ambalo huifanya pua kuwa na kazi nyingi.

Bibi hakucheka. Aliongozana na Tusekile hadi chini ya dungu la Hezroni, akamwita ashuke. Mbele yake akasema, "Mwanangu, jana nilikugombeza bure. Nisamehe. Ndaga fijo, asante sana, kwa mpunga wangu." Hezroni, ambaye hakuwahi kuombwa radhi na mtu mwenye mvi, hakujua aweke mikono wapi.

"Sasa adhabu," Bibi aliendelea. "Kesho na keshokutwa, Tusekile, utaamia mashamba yote mawili, hili na la akina Hezroni. Naye Hezroni atachukua baiskeli ya babu aende Bondeni akaangalie hiyo meli yenu."

Bibi alipoondoka, Tusekile aliuliza kwa sauti ndogo, "Mbona jana hukusema?"

"Ningesema ungechapwa," alijibu Hezroni. "Tena wewe ni nahodha wangu."

"Nilikufukuza."

"Ulinifukuza melini. Shambani hujanifukuza."

Siku mbili zile Tusekile alikimbia kati ya madungu mawili hadi akajua kila tuta. Siku ya kwanza ndege walimcheka. Siku ya pili alikumbuka jinsi matanga ya Usipa yalivyofungwa kwa kamba nyingi zilizokutana sehemu moja. Akatandaza kamba kutoka pembe zote za mashamba, akazining'inizia makopo, na kamba zote akazifunga kwenye dungu. Akivuta moja, pembe nzima inalia. Zebedayo alikuja kutazama, akavuta kamba mara tatu bila sababu yoyote, akaondoka akitabasamu.

Mjini nako mambo yalikwenda. Hezroni aliikuta Usipa imejaa maji, akapiga pampu hadi ikainuka. Lusungu aliandika kutoka Karonga kuuliza nahodha yuko wapi. Hezroni akajibu, "Yuko zamu." Katika meli arobaini na moja, Usipa ilimaliza ya tisa, na Jubilate alishangilia mpaka Shangazi Felista akamtoa nje.

Mpunga ulivunwa kabla shule hazijafunguliwa. Haukuwa mwingi kama wa mwaka jana, lakini ulitosha chakula na mbegu. Bibi Anyesi alipika wali wa mpunga mpya, harufu ikafika hadi barabarani, akawaalika watoto wote, na Zebedayo, na Shangazi Felista. Sahani ya kwanza alimpa Hezroni. Ya mwisho alimpa Tusekile, akakaa karibu naye.

"Sikilizeni, watoto," alisema. "Tusekile aliacha zamu yake. Hilo ni kosa, na watu wa kazi wote wamewahi kulifanya, hata mimi. Mpunga uliolika umelika, mwakani utaota mwingine. Lakini alipomwachia mwenzake aibebe aibu yake, hilo lilikuwa kosa linaloongezeka kila saa ya kunyamaza. Amelivunja kwa kusema kweli mbele za watu, nami namheshimu kwa hilo. Mkikosea, semeni mapema, na semeni palepale mwenzenu alipoumizwa."

"Ndiyo, Bibi," walijibu.

Tusekile aliweka sahani yake chini. Alisema amekwisha kukubaliana na Jubilate, na Lusungu ameandika kwamba anaafiki: kuanzia Jumamosi ijayo, nahodha wa meli ni Hezroni, na yeye Tusekile atapiga pampu. Hezroni alitaka kukataa, lakini mdomo wake ulikuwa umejaa wali, na alipomaliza kuumeza watu walikuwa wamekwisha kupiga makofi.