Kigoda cha Bibi Cherehani

Asubuhi ya leo nilikuwa natafuta kitana. Jana Mama alinipangia meza.

"Si hicho hapo, machoni pako!" akasema.

Kilikuwa ndani ya kopo jipya. Nikamkumbuka Bibi Cherehani.

Zamani alikuwa fundi wa nguo. Sasa macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Kila Jumamosi mimi na Nesi, mama muuguzi wa mtaani kwetu, tulimtembelea. Nesi ni wa msikitini, mimi ni wa kanisani. Kikundi chetu ni kimoja, tunahudumia wazee.

Mimi nina haya, siongei sana. Kwa hiyo siku ya kwanza niliamua kusafisha. Nesi alikuwa kwa jirani, Bibi amesinzia. Nikapanga makopo kwa urefu. Nikasogeza kigoda karibu na mlango. Nilijiona mtu wa maana kweli.

Jumamosi iliyofuata tulimkuta goti limevimba.

"Nani kaweka kigoda njiani?" aliuliza. "Nimeanguka puu! Na chai nimeitia chumvi. Nyie watu wa msikiti na kanisa, mmeungana ili mnifiche sukari?"

Nesi alicheka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Huyu mtoto asinisaidie tena," Bibi akasema.

Nje, Nesi alinishika bega. "Mwanangu, Bibi anaona kwa mikono. Vitu vyake amevikariri. Uliza kwanza. Ukitoa kitu, kirudishe palepale. Na njia ya kupita iache wazi."

"Mwambie wewe. Mimi naogopa."

"Kosa ni lako, liombee radhi kwa mdomo wako."

Nikarudi ndani. Sauti ilinitoka kama ya mbu. "Bibi, nisamehe. Kigoda kilikuwa wapi?"

Alipapasa ukingo wa cherehani. Kisha akasema, "Kushoto kwa cherehani. Sukari, kopo lenye mkono. Chumvi, lile lililobonyea. Haya mjukuu wangu, fanya kazi."

Hakuanguka tena. Kila tulipofika alitupikia chai mwenyewe, mkono ukienda moja kwa moja kwenye sukari.

"Nani kipofu hapa?" alitutania.

Chai ile ilikuwa tamu kupita kiasi. Naitamani mpaka leo.

Mwezi uliopita alihamia kwa mwanawe, mbali, pamoja na cherehani, kigoda na makopo yake. Leo nimemwandikia mkwewe: "Shikamoo mama. Naomba msimpangie Bibi vitu bila kumwuliza. Kigoda kikae kushoto kwa cherehani. Chumvi iwe kwenye kopo lililobonyea."

Ujumbe umefika. Nimeangalia simu mara tano. Bado kimya.