Bolti Iliyokazwa Juu ya Rangi

Kila Jumamosi, akishamaliza kufua sare zake za shule, Herieth alishinda kwenye gereji ya baba yake mdogo, Polikarpo, pale Tegeta. Gereji hiyo ilifunga muziki kwenye magari, na msichana huyo wa darasa la saba aliipenda kazi hiyo kuliko chakula. Aliyemtia nyongo ni fundi Allen. Wawili hao hawakupikika chungu kimoja.

Jumamosi moja walikuwa wakifunga kapasita kwenye gari la Mama Hope, aliyepiga muziki kwenye harusi kwa spika za gari hilo. Kapasita ni kikopo kinachotunza umeme na kuuachia mara besi inapodunda, ili taa za gari zisififie. Waya wake wa ethi, yaani wa kurudisha umeme, hukazwa kwenye bodi ya gari, kwenye chuma kitupu, kwa sababu rangi haipitishi umeme.

"We dogo, chukua msasa, kwangua rangi hapo kwenye buti mpaka chuma king'ae, halafu kaza bolti," Allen aliamuru. "Au mikono hiyo inajua kusuka nywele tu?"

Herieth alichemka kwa hasira. Allen alipogeuka, akaikaza bolti juu ya rangi vilevile ilivyokuwa, kisha akaifunika kwa zulia.

"Umekwangua?" Allen aliuliza.

"Nimekwangua bwana! Kwani mie kiziwi?"

Mama Hope alikuwa na haraka ya kuwahi harusi Mbezi Beach, hivyo muziki ulijaribiwa kwa sauti ndogo tu, akaondoka.

Jumatatu, Herieth alipotoka shule, alimkuta Mama Hope katikati ya gereji, kanga kiunoni.

"Nyie mafundi au matapeli? Bwana harusi anaingia, besi inakoroma, taa za gari zinawaka zinazima! Ukumbi mzima umenicheka!"

Polikarpo hakutaka hata kulitazama gari. "Allen! Kazi ilikuwa yako. Kusanya vitu vyako, uondoke."

"Bosi, lakini huyu mtoto ndiye..."

"Usimsingizie mtoto! Toka!"

Herieth aliinamisha uso. Tusimfichie: alifurahi. Adui yake alikuwa anaondoka, naye hakuhitaji kufanya lolote ila kufunga mdomo. Lakini Allen alipoanza kuokota spana zake moja moja na kuzifunga kwenye kitambaa, furaha ile ilimtoka Herieth.

"Baba mdogo, ni mie," alisema. "Aliniambia nikwangue rangi. Sikukwangua, nikamdanganya."

Mama Hope akasonya. Polikarpo alimkazia Herieth macho, kisha akachomoa waya wa betri, akaimaliza kapasita umeme wake kwa taa ndogo, na kumtupia msasa. Herieth alikwangua huku wote wakimtazama, jasho na machozi vikimchuruzika. Chuma kilipong'aa, wakakaza bolti, wakaijaza kapasita taratibu kupitia taa ileile, wakarudisha waya. Safari hii besi ilidunda mpaka bati za gereji zikatikisika, na taa za gari hazikufifia.

Mama Hope aliondoka bila kuaga.

"Samahani, kaka Allen," Herieth alisema.

"Kaa nayo samahani yako," Allen alijibu, akampa mgongo.

Herieth alimgeukia baba yake mdogo, akitumaini atamtetea.

"Usinitazame mie," Polikarpo alisema. "Allen haondoki, wala halazimiki kukusamehe leo. Hata mie nimemhukumu kabla ya kukagua, na nitamwomba radhi mwenyewe. Lakini wewe nisikilize. Kumchukia mtu ni shauri lako. Kunyamaza wakati anabebeshwa kosa lako, hiyo ni dhuluma. Ukweli si zawadi ya marafiki, mwanangu. Hata adui yako ana haki nao."