Moto wa Njano Jikoni kwa Mama

Mume wangu ni fundi cherehani, lakini mtaa mzima humwita Injinia. Hakuna kitu nyumbani ambacho hajakifungua.

Siku moja aliona matundu mawili chini ya jiko letu la gesi. "Ahaa! Gesi inatorokea hapa," akasema. Akayaziba kwa karatasi ya foili, akafurahi kweli.

Tangu hapo moto ukawa wa njano. Masufuria yakawa meusi tii. Mama mkwe, anayetupikia kila siku, akaanza kuumwa kichwa. Akitoka jikoni anayumba. "Wanangu, siku zangu zimekwisha," akatuambia. Nililia, sikufichi.

Jirani yetu, mwalimu wa kemia, alikuja kupima gauni lake. Akachungulia jikoni, akapiga kelele: "Zimeni moto! Fungueni madirisha! Mtoeni mama nje!"

Tukamtoa mbio, tukaita bajaji ya kumpeleka zahanati.

"Gesi yenu haipati hewa ya kutosha," Mwalimu akasema. "Ikiungua hivyo hutoa sumu iitwayo kabonimonoksaidi. Huioni, wala haina harufu."

"Mwalimu, hewa si imejaa tele?" Injinia akabisha.

Mwalimu akachukua chaki ya kukatia nguo, akaandika mezani:

C₃H₈ + 5O₂ → 3CO₂ + 4H₂O

"Hivi ndivyo gesi huungua ikipata hewa ya kutosha. Kushoto ni gesi ya mtungi na oksijeni. Kulia ni kabonidayoksaidi na maji. Hesabu oksijeni pande zote."

"Huku kumi. Kule sita, na nne… kumi! Zimelingana!"

"Vizuri. Sasa, moli ni fungu la chembe, kama trei ni fungu la mayai. Soma namba za mbele. Moli moja ya gesi inataka moli ngapi za oksijeni?"

"Tano!"

"Na kwa gesi, ndoo sawa zina moli sawa. Ila katika ndoo tano za hewa, oksijeni ni ndoo moja tu."

Injinia akahesabu kwa vidole. Macho yakamtoka. "Lahaula! Ndoo moja ya gesi inataka ndoo ishirini na tano za hewa! Na mimi nimeziba njia yake!"

Bajaji ikafika, tukampeleka mama zahanati, akatibiwa. Kisha Injinia akabandua foili yote, akasafisha jiko, akaacha dirisha wazi. Akawasha.

"Buluu! Njooni muone, buluu!" Alirukaruka, mtu mzima na ndevu zake. Nami nikaruka naye.

Wiki iliyofuata mama alirudi kupika. Akatoka na sufuria, anatembea wima.

"Mama, kichwa vipi?" nikauliza.

"Kichwa gani? Kaeni mle, chakula kinapoa."