Doa la Chungwa Stesheni Kolwezi

"Kware, sanduku halijaonekana. Treni inaondoka saa nane. Kwisha."

Redio ya Motorola ikanyamaza mkononi mwa Tshiela, mpelelezi wa stesheni; Kware lilikuwa jina lake la redioni. Saa saba na nusu mchana.

Dakika thelathini.

Ilikuwa Machi 1993. Watu wa asili ya Kasai walikuwa wakifukuzwa Kolwezi, mji ambao migodi yake waliichimba kwa mikono yao. Kati yao, wagonjwa arobaini wa kifua kikuu. Sanduku la dawa zao za miezi sita lilikuwa limeibwa alfajiri, na mnunuzi alikuwa akizisubiri Dilolo, mpakani mwa Angola.

Mmoja wa wale arobaini alikuwa mama mzazi wa Tshiela. Siri hiyo aliijua Tshiela peke yake. Kazini alijiita Fidélie, akijidai mtu wa kaskazini ya Katanga. Wangemgundua kuwa Mkasai, angepandishwa treni hiyohiyo, au pabaya zaidi.

"Bakikosa dawa, itakuwa nini, mama Godelieve?" Tshiela alimuuliza muuguzi wa zahanati.

"Kile kidudu ni kijanja. Baaskari ba mwili banakimeza, lakini hakifi. Kinajificha mule ndani yabo, kinazaa, kinabapasua. Ukiacha dawa katikati, kinarudia kikali, na dawa haikiwezi tena."

Ndani ya askari.

Tangu asubuhi yeye na wenzake walikuwa wamepekua mizigo ya wanaofukuzwa, hadi masufuria. Walinzi wa stesheni hakuna aliyewapekua. Ujinga mtupu!

Walinzi sita, mashati meupe, walisimama mbele ya kibanda chao. Kwapani mwa Polycarpe jasho lilikuwa limeacha doa la rangi ya chungwa. Tshiela alilijua. Alikuwa akifua nguo za mama yake tangu mama aanze kumeza rifampisini, dawa ya kifua kikuu inayotia jasho rangi hiyo.

"Tata Polycarpe, uko unakunywa dawa ya nani?"

Mkono wa Polycarpe ukaenda kwenye silaha kiunoni. Bastola ya Tshiela, Browning, ikawahi.

"Mi niko mugonjwa," Polycarpe alisema polepole. "Ningepanga mulongo na bagonjwa ku dispensaire, chef angenifukuza kazi. Nilikuwa naiba yangu kidogo-kidogo. Kisha ule mutu wa Dilolo akasema, leta yote."

Tshiela alimhurumia, lakini alimfunga pingu. Sanduku lilikuwa chini ya kitanda kibandani. Alimwachia Godelieve dozi za Polycarpe, akabeba zilizobaki hadi kwenye behewa.

Mama yake alikuwa dirishani, amekonda. Nyuma ya Tshiela walinzi watano walikuwa wakitazama. 

"Dawa zenu, mama. Mumeze kila siku."

Mama alizipokea. Kisha akainamisha kichwa, kama mtu asiyemjua.

"Aksanti, chef."

Treni ikaondoka. Tshiela akarudisha bastola kiunoni na kuvuka reli taratibu, bila kugeuka nyuma. Nyumbani kulikuwa na bukari, ugali alioupika asubuhi, wa watu wawili.