Sura Ambayo Mjomba Wagdi Hakuweza Kuiandika

"Futa," mama alisema. "Futa sasa hivi, nikiona."

"Inshirah, hii ni hadithi," kaka yake, mjomba Wagdi, alimjibu. "Watu wanaisoma kitandani, wanatetemeka kidogo, asubuhi wanakwenda kazini."

"Na jina la binti yangu linafanya nini humo?"

"Ni jina tu."

"Ni jina tu?" Mama alifungua dirisha. Chini, mtaa wetu katika mji wa Tanta ulikuwa umejaa wauza mboga. "Haya, mwandishi. Toa kichwa hapo, utaje jina la mama yetu kwa sauti."

Mjomba Wagdi alirudi nyuma, mbali na dirisha.

"Darasa la tano ulimvunja mwenzako jino kwa sababu alilitaja uwanjani. Leo unaniambia ni jina tu."

Mimi nilikuwa nimekaa mbele ya kompyuta, vidole bado juu ya vitufe. Hakuna aliyenitazama.

Kwetu jina la mama halitajwi ovyo. Wengine hawaliandiki hata kwenye kadi ya harusi. Mchawi akitaka kumfunga mtu, jina la baba halimsaidii kitu. Anamtaka fulani, mwana wa mama fulani. Mjomba alilijua hilo kuliko sisi sote, maana riwaya zake za kutisha zilijaa watu waliofungwa hivyo. Lakini siku zote alitumia majina ya kubuni.

Mjomba haandiki kwa mkono. Anasema. Kila asubuhi baada ya chai anafunga madirisha ya mbao, anavua viatu, anatembea ukumbini huku akitafuna mbegu za alizeti na kusimulia. Mimi nachapa. Niliacha shule baba alipofariki, na kazi hiyo niliipenda kwa sababu ilinipa maneno mapya. Ukurasa ukiisha, namsomea, naye anakunja mkono wa shati. Vinyweleo vikisimama, ukurasa unabaki. Visiposimama, anasema, "Futa, Hanadi. Huo ni maiti."

Kitabu kipya kilimhusu msichana aliyefungwa ili watu wake wamsahau mmoja baada ya mwingine. Kwanza bawabu wa jengo. Kisha jirani. Kisha ndugu. Wa mwisho mama. Tulijaribu jina hili na lile, mkono wa mjomba ukabaki laini. Ndipo asubuhi moja alisimama nyuma ya kiti changu akatamka maneno ya mchawi polepole: "Hanadi, binti Inshirah."

Nilichapa. Nilisoma. Vinyweleo vyake vilisimama kama manyoya ya paka. Vyangu pia. Tulifurahi sana, na nikaisoma sura hiyo tena na tena.

Siku ya ugomvi alilibadili jina mbele ya mama, naye akashuka nyumbani ametulia. Sisi tulikaa ghorofa ya pili, mjomba ya nne.

Siku iliyofuata nilikuwa natoka dukani na mkate. Mzee Basyuni, bawabu wetu, aliinuka kwenye benchi lake.

"Unakwenda kwa nani, binti?"

"Kwa rais," nilimjibu. Tulizoea kutaniana.

Hakucheka. Alisimama mbele ya ngazi, mikono kiunoni, mpaka Umm Tharwat, jirani yetu wa ghorofa ya tatu, akapita na kusema, "Mzee, macho yamekwisha? Si Hanadi huyu?"

Kesho yake nilikutana na Umm Tharwat ngazini. Nilimsalimu. Aliukumbatia mkoba wake kifuani akapanda haraka.

Nilimweleza mjomba. Aliacha kutafuna.

"Bawabu," alisema. "Kisha jirani."

"Mjomba, andika nifunguliwe."

Alifunga madirisha. Alivua viatu. Akasimulia jinsi msichana anavyorudi nyumbani, mama anamtambua, wanalia, wanakula pamoja. Nilichapa kila neno. Nilisoma. Akakunja shati.

Ngozi ilikuwa imelala.

"Tena," alisema.

Tulifanya hivyo asubuhi nyingi. Mama wa hadithini aliamshwa, aliota, alisikia sauti, alikuta kiatu. Kila ukurasa ulikuwa maiti.

"Mbona wengine unawaua vizuri?" nilimuuliza. Nilikuwa nalia.

Alikaa sakafuni, mgongo ukutani. "Sijawahi kumwokoa mtu, Hanadi. Vitabu vyote hivi, hata mmoja. Sijui mtu anaponaje." Alinong'ona. "Hakuna msomaji aliyewahi kuniomba."

Nyumbani mama alikuwa bado ananijua. Lakini alianza kusita kabla ya kuniita, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni.

Asubuhi ya mwisho mjomba alisimulia kwa sauti ya chini kuliko siku zote. Msichana alipanda ngazi. Mama alikuwa anakaanga vitunguu saumu kwa ajili ya mchuzi wa mlukhiya. Hakukuwa na ndoto wala muujiza. Mama aligeuka tu akasema, umechelewa, leta sahani. Nilijua ni ukurasa mzuri. Nilisoma.

Mjomba alikunja shati.

Vinyweleo vilikuwa vimesimama. Vyote.

"Umeweza," nilimwambia. "Mjomba, umeweza."

Hakusogea. Alinitazama mimi, kisha mlango, kisha mimi tena. Aliongea taratibu, kama mtu anayeongea na mbwa asiyemjua.

"Binti, nani alikufungulia humu ndani?"

Ndipo nilipoelewa vinyweleo vya mkono wake vilisimama kwa nini.

Nilikimbia. Ghorofa ya tatu. Ya pili. Ufunguo wangu haukuingia kwenye kitasa. Niligonga kwa viganja vyote viwili. Ndani nilisikia mafuta yakichemka, nikasikia kandambili za mama zikija.

Alifungua. Harufu ya vitunguu saumu ilitoka pamoja naye. Nyuma yake, ukutani, picha yangu ya shule haikuwepo. Msumari ulikuwepo, na chini yake mraba mweupe ambao jua halikuwahi kuufikia.

"Mama," nilisema.

Aliniangalia kwa huruma. Alinifuta machozi kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa, kama anavyomfanyia mtoto wa mtu yeyote.

"Usilie, mwanangu," alisema. "Umepotea? Mama yako anaitwa nani?"