Alimfuta Marehemu Mume Wangu, Kisha Akaja Kuniposa

Wasomaji wenzangu, nina umri wa miaka thelathini na tatu, ni mzaliwa wa Mwaya na ni mjane. Naishi Kyela mjini ambako nauza vitenge sokoni. Naandika haya hasira zikiwa bado hazijanitoka, na sitawadanganya kwamba nimesamehe. Sijasamehe! Someni mpaka mwisho, kisha mniambie kama ninyi mngeweza.

Mume wangu aliitwa Ambilikile. Alikuwa karani wa kupima kakao, mtu mpole, mwenye utani, na alikuwa na ulevi mmoja tu... gemu. Si hizi za kwenye simu. Yeye alipenda kile kimashine cha zamani cha kushika mkononi, chenye vitufe na kioo kidogo, ambacho unachomeka kaseti kwa nyuma.

Kaseti yake ilikuwa ya aina inayoandikwa upya. Unaiunganisha na kompyuta, unafuta mchezo uliomo, unaweka mwingine. Lakini wake hakuwahi kuufuta. Ulikuwa mchezo wa kulima shamba. Ndani yake kuna mtu mdogo, ana jembe, ana nyumba, ana miti, na shamba lile mume wangu alilipa jina langu, Tusekile.

Nilikuwa namtania kwamba analima kwenye kioo huku mpunga wetu unaliwa na ndege. Naye alikuwa akinijibu kwamba huko kwenye kioo hakuna mafuriko. Tulicheka sana. Ningejua kilicho mbele yangu, ningekaa pembeni yake nikaliangalia lile shamba vizuri.

Figo zake zikagoma. Tukapelekwa Mbeya, tukalazwa, na hata wodini alicheza akipata nafuu. Jioni moja alimfikisha yule mtu wake mlangoni mwa nyumba, akahifadhi mchezo, akanikabidhi kimashine. Aliniambia nikitunze, kesho ataendelea. Hakuendelea... Asubuhi alikuwa ameshanitoka.

Baada ya matanga ndugu waligawana vitu vyake kama ilivyo desturi. Koti likaenda kwa kaka yake, baiskeli ikaenda kwa mjomba, simu akachukua shemeji na kufuta kila kilichokuwemo. Kimashine hakuna aliyekitaka. Waliniachia mimi, wakaona wameniachia uchafu.

Kila jioni nilikuwa nakiwasha. Jina langu linatokea, na yeye amesimama mlangoni, kama mtu aliyerudi kazini. Sikuwahi kumsogeza. Nilikuwa namwangalia, namwambia ya siku hiyo, nazima. Mtaniita kichaa? Niiteni. Aliyezika ataelewa.

Miongoni mwa waliokuja kunifariji ni Asajile, fundi wa simu na redio, rafiki wa marehemu. Ndiye aliyemsaidia kuagiza ile kaseti. Alikuja mara kwa mara, akileta mbasa, samaki wa ziwani, akirekebisha paa. Aliona jinsi jioni ikifika ninavyomwacha barazani na kuingia ndani kuwasha kimashine.

Masika yakaja na maji yakaingia ndani mpaka uvunguni. Kimashine kikapata unyevu. Mimi nikafanya tunachofanya wote huku Kyela... simu ikilowa, redio ikilowa, tunaizika kwenye mchele. Mchele ndio hatukosi. Nikaichomoa kaseti, nikaifukia kwenye ndoo ya mchele. Nilipoitoa na kuichomeka, kioo kilikuwa kitupu!

Nilikimbia kwa Asajile na kaseti mkononi. Akaniambia nimwachie. Alipoileta nyumbani kwangu alikuwa na uso wa msiba. Akanieleza kwamba kumbukumbu za mchezo hushikwa na kibetri kidogo kilichomo ndani ya kaseti, na kwamba unga wa mchele uliingia ukakiozesha kile kibetri. Alikibadilisha, alisema, lakini kumbukumbu zote zilikuwa zimeshapotea.

Nikawasha. Mchezo uliwaka vizuri, shamba tupu, likaniuliza nilipe jina gani.

Wasomaji, sijui niwaelezeje. Nilijiona nimemuua mume wangu mara ya pili, tena kwa mchele niliopepeta mwenyewe! Nilikonda. Wali ulinishinda kula, mimi mtu wa Kyela. Na nani alikuwa ananishika mkono na kuniambia nisijilaumu? Asajile! Nani alikuwa ananifuta machozi? Yeye huyo huyo!

Mjane akishikwa mkono muda mrefu, moyo unalegea. Aliponiambia anataka kunioa nilikubali. Nikawa namsaidia mchana kwenye kibanda chake cha ufundi, naye akanifundisha kazi ndogondogo, kufungua kaseti kwa bisibisi, kusafisha meno yake ya shaba kwa pamba na spiriti, kupima betri kwa mita.

Siku moja alikwenda Mbeya kununua vipuri. Akaja afisa kilimo mmoja, mwenyeji wa Tanga aliyehamishiwa kwetu, mpenzi wa michezo hiyo ya zamani. Kaseti yake haisomi. Alishauriwa na majirani akaizika kwenye mchele, na ilikuwa nyeupe kwa unga kuliko yangu ilivyowahi kuwa. Nilimpa pole nikamwambia ajiandae, kumbukumbu zake hazipo tena.

Nikaisafisha. Nikaiwasha. Kila kitu kilikuwepo!

Yule bwana akanishangaa ninavyokodoa macho. Akanieleza kwa upole kwamba vumbi linaizuia mashine kusoma, halifuti kitu. Maadamu betri ni nzima, kumbukumbu zipo. Akashukuru kwa Kinyakyusa cha kujifunza, "Ndaga fijo, dada," akaenda zake.

Nilifunga kibanda palepale. Nikaenda nyumbani, nikafungua kaseti ya mume wangu. Kibetri kilichokuwemo si kipya. Kilikuwa kilekile alichokiweka Ambilikile mwenyewe, kimeandikwa kwa mkono wake herufi mbili za majina yetu, A na T. Nikakipima. Kilikuwa kizima kabisa, volti zake zote!

Basi nikaelewa. Hakuna kilichooza. Asajile alisafisha unga, akamkuta mume wangu amesimama mlangoni, akaiunganisha kaseti na kompyuta yake... akamfuta. Kisha akanitwisha mimi lawama, akakaa pembeni kunifariji kwa dhambi yake!

Sikulia. Machozi yalikauka, mahali pake pakaja hasira. Nilitaka aumie kama nilivyoumia, na nilijua pa kumpiga. Ile kompyuta mpakato ndiyo ilikuwa mkono wake wa kulia. Kazi zake zote, michezo yote, mafaili ya wateja tangu aanze ufundi, vilikuwa humo.

Siku ya posa ilikuwa imeshapangwa. Nilimchekea kama kawaida. Nikamwambia nakwenda Lyulilo kununua vyungu vya kupikia wageni. Alinipa baraka zote. Nilipita kibandani akiwa msalani, nikaitia kompyuta kwenye kapu, nikaifunika kwa kitenge.

Lyulilo mnaijua, mlima umeingia moja kwa moja ziwani, na ukisogea kidogo tu kina hakina mwisho. Nilipanda mtumbwi wa mzee mmoja mvuvi wa kabila la Wakisi, nikamwomba anisogeze. Nikaiachia kompyuta majini. Iling'aa kidogo ikizama, kisha ikapotea. Mzee aliniuliza ni nini, nikamwambia natupa mkosi. Wallahi nilicheka! Nilirudi na vyungu vyangu nikiimba.

Asajile alilia wizi mtaa mzima. Mimi nikampa pole na kumpikia uji.

Siku ya posa ikafika. Akaja na mshenga na wazee wawili wa ukoo wake, wamevaa makoti. Walikula, wakashiba. Baba mdogo, aliyekaa kwa niaba ya marehemu baba yangu, akaniita akaniuliza kama nawafahamu wageni. Nikasema nawafahamu. Nikaingia ndani, nikatoka na sinia. Juu yake kulikuwa na kaseti iliyofunguliwa na mita.

"Mpimie baba mdogo hiyo betri," nilimwambia Asajile. "Kisha uwasomee wazee kilichoandikwa juu yake."

Hakupima. Nikawaeleza wazee yote, neno kwa neno, hadi mshenga akaanza kutafuta kofia yake. Nilijisikia vizuri ajabu. Kila aliyemwangalia alimwangalia kwa kinyaa, na mimi nilikuwa nakula kinyaa kile kama nyama. Nilisubiri akane, nimmalizie.

Hakukana.

"Nilichoka kushindana na marehemu, Tusekile," alisema. "Ila sikumtupa. Fundi hafuti cha mtu bila kunakili kwanza."

Akatoa mfukoni kaseti mpya, ikiwa bado kwenye nailoni yake. Alisema aliinunua ili amrudishe mume wangu humo siku nitakapokuwa nimeshaolewa, moyo wangu umetulia, awe zawadi. Shamba lote, miti yote, na yeye mlangoni, vilikuwepo vizima kwenye kompyuta.

"Ndani ya ile iliyoibiwa," akamalizia.

Baba mdogo anasema nilianguka. Mimi sikumbuki. Nakumbuka tu kwamba siku iliyofuata nilikuwa Lyulilo, nikimsihi yule mzee wa mtumbwi atafute wapiga mbizi. Alinionea huruma. Aliniambia pale hata nyavu zao hazijawahi kugusa chini.

Wasomaji, msinijibu kwamba kosa ni langu peke yangu. Asajile alinidanganya, alinikondesha, alitaka kunioa juu ya uongo wake. Ningepewa siku ile tena ningeliweka lile sinia mbele ya wazee vilevile. Lakini kompyuta nisingeigusa kabla ya kumuuliza swali moja tu... umempeleka wapi?

Dada zangu, kaka zangu, nawaomba. Mkitaka kulipiza, ulizeni kwanza adui ameshika nini chenu. Na kama una sauti ya mama yako kwenye simu, au picha ya mtoto aliyetangulia, inakili leo hii na umpe mtu mwingine akutunzie. Usimwamini fundi, usimwamini mchumba, na siku ukiwa na hasira usijiamini hata wewe mwenyewe.

Asajile bado yupo Kyela. Tukikutana sokoni ninatema mate, naye anavuka barabara. Nimeanza kusahau miti ya lile shamba ilikaa upande gani, na mlango ulikuwa wa rangi gani. Duniani kote kuna mtu mmoja tu mwingine aliyewahi kuliona, na siwezi kumuuliza.