Ringi ya Bi Hannah

Mgeni alifika bila taarifa, Jumatano alasiri, wakati Kasiva akiosha nati kwa petroli kama alivyofanya kila siku baada ya shule. Gari jekundu liliingia polepole katika ua wa gereji ya baba yake, Mzee Musyoka, mtaani Muyeye. Injini ikazimwa. Akashuka mwanamke mrefu aliyevaa suruali, ufunguo ukining'inia kidoleni.

Dzombo, fundi wa gereji ya jirani, alichungulia juu ya ukuta. "Mama, dereva wako umemwacha wapi?"

"Ndiye unayesema naye," mwanamke akajibu, na wanaume waliokaa kivulini wakaangua kicheko.

Kasiva alijifuta mikono haraka. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Namtafuta Fundi Musyoka. Nimeambiwa upande huu wa Malindi ni yeye peke yake aliyewahi kufungua turbo."

Kasiva alijaa fahari. Ilikuwa kweli. Kabla ya kuhamia Pwani, baba yake alifanya kazi miaka mingi Nairobi, katika gereji ya magari ya mashindano. Lakini tangu wafike Muyeye alikuwa akitengeneza pikipiki na malori ya chumvi ya Gongoni tu, na hakuna aliyeziamini hadithi zake.

Mgeni aliitwa Bi Hannah Ngala. Jumapili ile angeshindana na madereva wengine kumi na mmoja katika barabara za mashamba ya mkonge, upande wa Vipingo. Alikuwa amejiandaa kwa miezi saba. Kutoka ndani ya boksi alitoa kifaa cha chuma kinachong'aa, ukubwa wake kama gilasi.

"Valvu iliyomo ni ya plastiki," alisema. "Ngozi ya mpira iliyo ndani yake imeanza kupasuka. Nimeletewa hii iliyo imara zaidi. Utaweza kunibadilishia?"

Mzee Musyoka aliigeuza valvu mkononi kama mtu aliyekutana na rafiki wa zamani. "Kesho jioni gari litakuwa tayari," alisema.

Bi Hannah alipokwenda kwa shangazi yake, ambaye aliishi mtaa uo huo, baba alimweleza Kasiva. "Turbo ni feni ndogo inayozungushwa na moshi wa injini. Hiyo feni huishindilia injini hewa nyingi, ndipo gari likapata nguvu. Sasa, dereva akiinua mguu ghafla, mlango wa hewa hufungwa. Ile hewa iliyoshindiliwa iende wapi? Itarudi kuipiga feni. Basi valvu hii hufunguka papo hapo, ikaielekeza njia nyingine."

"Na ringi hii ya mpira?" Kasiva aliuliza, akiigusa pete nyeusi, nyembamba, iliyotoka katika boksi.

"Hiyo hukaa kati ya valvu na bomba ili hewa isitoroke. Ni ndogo, lakini bila yake valvu yote ni kazi bure."

Mzee Musyoka alikuwa na desturi yake ya kazi. Vifaa vyote vilipangwa juu ya sinia kuukuu, kwa utaratibu wa kutumika. Yeye aliinama ndani ya gari, na Kasiva akampa kimoja kimoja huku akikitaja. Baba alijibu, "Nimepokea," bila kugeuka. "Macho yangu yako huku ndani," alizoea kusema. "Huko nje macho yangu ni wewe."

Alhamisi alasiri baba alimwachia sinia akaenda kuazima spana. "Hakuna kitu kutoka hapo," alionya.

Kasiva aliitazama ile ringi. Aliivaa katika kidole gumba. Ilimkaa vizuri. Bomba la maji halikuwa mbali, na rafiki yake Jedida alikuwa kwenye foleni na ndoo yake. Dakika moja tu, Kasiva alijiambia.

"Tazama," alimwambia Jedida. "Imetoka Ulaya. Ni ya gari la mashindano."

"Acha uongo! Mpira tu huo. Hebu nione." Jedida aliivuta, Kasiva akaikwapua, na ringi ikaruka. Ilianguka ndani ya mtaro ambamo maji ya sabuni yalikuwa yakienda mbio kuelekea bondeni. Kasiva aliingia mtaroni akapapasa tope kwa mikono yote miwili. Alitoa vigae, maganda ya maembe na kisigino cha ndara. Ringi hakuiona.

"Kamwambie baba yako," Jedida alisema kwa sauti ndogo.

"Nimwambie nini? Kwamba nilikuwa najionyesha kwako?"

Alirudi mbio gerejini. Ukutani palikuwa na tyubu kuukuu la baiskeli. Kila mtu Muyeye alizoea kukata vipande vya tyubu kuziba bomba la maji au kufunga pampu ya kisima, navyo vilidumu miaka. Kasiva alichukua wembe, akakata pete nyembamba, akaipunguza kingo hadi ikafanana na ile iliyopotea. Akaiweka juu ya sinia. Mikono yake ilikuwa bado inanuka mtaro.

Baba alirudi, akainama ndani ya gari. Kazi ikaanza.

"Klipu."

"Nimepokea."

"Bomba dogo."

"Nimepokea."

Kasiva alinyoosha mkono. "Ringi ya mpira."

Baba aliipokea kwa vidole, akasita. "Mbona laini hivi?"

"Kwa sababu ni mpya, baba."

"Haya. Nimepokea."

Jioni Bi Hannah alilijaribu gari hadi njia panda na kurudi. Alishuka akitabasamu. "Fundi, limekuwa simba!" Kasiva alijificha nyuma ya mapipa, akajifanya anafagia.

Jumatatu alasiri gari jekundu lilirudi likikohoa, na boneti lote limejaa vumbi la mkonge. Bi Hannah hakutabasamu.

"Nilikuwa wa pili," alisema. "Tulipofika nusu ya safari nikasikia mluzi wa hewa, na nguvu zikaisha. Njiani kurudi hata malori yalinipita, fundi. Malori!"

Mzee Musyoka alifungua valvu. Mahali pa ringi palikuwa na kitu cheusi kilichoyeyuka, kinachoteleza kama uji wa moto. Joto na mafuta vilikuwa vimekila. Hakuna aliyeweza kukitambua tena.

"Labda nimeuziwa ringi mbovu," Bi Hannah alisema.

Baba angeweza kuitikia, na mambo yangeishia hapo. Lakini alitikisa kichwa. "Hapana, mama. Vidole vyangu viliihisi kuwa ni laini, nami nikapuuza. Fundi mzuri angeinuka akatazama. Kosa ni langu, nawe nimekuharibia miezi saba. Naomba radhi."

Juu ya ukuta, Dzombo alipiga mluzi wa kuiga hewa inayotoroka. "Mzee, turbo si mkokoteni! Hadithi za Nairobi sasa tumezijua." Wanaume wakacheka. Baba aliinamisha kichwa na kuendelea kufuta valvu, ingawa ilikuwa imekwisha kutakata.

Kasiva alisimama na kopo lake la petroli. Alitaka ardhi ifunguke immeze. Neno lilifika mdomoni, likarudi.

Kesho yake alipotoka shule alimkuta baba ameketi mlangoni pa nyumba na sindano ya mama na uzi mweusi. Alitia uzi tunduni mara moja, akautoa. Akautia tena. Hakukosea hata mara moja.

"Unafanya nini, baba?"

"Najipima macho," baba alisema. "Nilidhani yamekwisha. Kumbe ni mazima. Basi tatizo liko kichwani, mwanangu, na hilo ni baya zaidi. Nitamwambia Dzombo magari ya namna ile ayachukue yeye. Mimi nibaki na pikipiki."

Kasiva alianza kulia kabla ya kusema. "Macho yako hayana kasoro, baba. Wala kichwa chako. Ni mimi." Alisema yote: kidole gumba, Jedida, mtaro, tyubu na wembe. Alipofika kwenye maneno "kwa sababu ni mpya," alishindwa kumtazama.

Baba aliuchomoa uzi tunduni, akauviringa taratibu kwenye kidonge chake.

"Ringi ikipotea, hutafutwa nyingine," hatimaye alisema. "Hilo lingetugharimu siku moja. Lakini ulinyoosha mkono ukanipa uongo, ukauita kwa jina la kweli. Nami nilipokea kwa sababu ni wewe." Alichomeka sindano kwenye kidonge cha uzi na kusimama. "Mimi umeniambia. Mwenye gari bado. Osha uso, twende."

Nyumbani kwa shangazi yake, Bi Hannah alisikiliza akiwa amesimama. Alikaza uso. "Unajua nilivyochekwa, mtoto? Wapo waliosema mwanamke hajui kulitunza gari. Na baba yako akakubali kubeba aibu yako!"

"Najua, mama," Kasiva alisema, machozi yakidondoka sakafuni. "Nisamehe."

Bi Hannah alivuta pumzi. "Ringi nyingine inakuja na basi kutoka Mombasa Jumamosi. Sitaki baba yako aiweke. Utaiweka wewe, mbele yangu. Utakuwepo saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi. Naahidi."

Walikuwa njiani kurudi ndipo alipokumbuka. Jumamosi saa mbili na nusu kwaya ya shule ingeondoka kwenda Kilifi kwa mashindano ya nyimbo, na yeye ndiye aliyechaguliwa kuongoza wimbo. Mama alikuwa amemshonea hata sare mpya.

"Naweza kumwomba Bi Hannah abadilishe saa," baba alisema. "Ataelewa."

Kasiva aliwaza sana. "Nimekwisha kumdanganya mara moja, baba."

Kesho yake alimweleza Mwalimu Idah, mwalimu wa kwaya, sababu yote bila kupunguza kitu. Mwalimu alihuzunika, akampa Jedida nafasi ya kuongoza. Jedida hakufurahi. Wote wawili hawakujua waangalie wapi.

Jumamosi, saa mbili kasoro dakika kumi, Kasiva alikuwa gerejini. Saa mbili ilifika. Bi Hannah hakuonekana. Saa mbili na nusu basi la shule lilipita barabarani, watoto wakiimba madirishani. Kasiva alijishika mikono nyuma ili isimpungie mtu.

"We Kasiva!" Dzombo aliita kutoka ukutani. "Wenzako wanakwenda Kilifi, wewe unalinda spana? Au unangoja baba yako aharibu gari jingine?"

Wanaume walicheka. Kasiva alihisi masikio yakiwaka moto. Alitembea hadi ukutani, mahali ambapo wote wangemwona.

"Baba hakuharibu gari," alisema. "Mimi nilipoteza ringi, nikaweka kipande cha tyubu, nikamdanganya. Alibeba lawama akidhani ni yake. Kama mnataka kucheka, mnicheke mimi."

Hakuna aliyecheka. Mmoja wa wale wanaume alitazama miguu yake. Dzombo alikuna shingo, akatoweka, kisha akarudi na kigoda, akakipitisha juu ya ukuta. "Kaa basi, mwanangu," alisema. "Mabasi ya Mombasa huchelewa." Akamgeukia Mzee Musyoka. "Fundi, nilivuka mipaka. Niwie radhi."

Ilikuwa saa nne na robo Bi Hannah alipoingia kwa miguu, jasho likimtiririka, na bahasha ndogo mkononi. Basi lilikuwa limekwama Kilifi. Alimwona msichana juu ya kigoda.

"Uko hapa tangu saa mbili?"

"Ndiyo, mama."

Bi Hannah alimtazama baba, kisha akamtazama tena Kasiva. Mzee Musyoka alimweleza kwa maneno machache kuhusu kwaya. Yule mwanamke akaketi juu ya tairi.

"Nikuambie kitu, Kasiva," alisema. "Ninapoingia kona kwa kasi, sikuoni wewe, wala simwoni baba yako. Naamini tu kwamba kila mlichokitaja ndicho mlichokiweka. Sisi sote tunaishi hivyo: tunamwamini mtu ambaye hatumwoni. Ukikosea, sema mapema. Kosa likisemwa hutengenezwa hapa gerejini. Likifichwa, humngoja mwenzako barabarani."

"Nimesikia, mama."

"Basi anza. Nina siku nzima."

Kasiva alinawa mikono kwa sabuni hadi viwikoni, akaikausha, akafungua bahasha mbele ya macho ya wote. Kisha akainama ndani ya gari, na baba yake akasogea pembeni kumpisha.